Hodi Huko Juu

Juni 8
Helikopta imetua kambini leo asubuhi, na vumbi lake limeingia hadi kwenye ugali. Ni ileile ya njano ya mwaka jana. Rubani naye ni yuleyule, Mzungu mrefu ambaye Kiswahili chake kinaanzia kwenye "mambo" na kuishia kwenye "chai". Sisi tunamwita Kapteni Ndoo, kwa ajili ya ile ndoo kubwa ya turubai inayoning'inia kwa kamba chini ya helikopta, inayochota maji na kuyamwaga juu ya moto. Anajua tunamwita hivyo, ila anadhani ni cheo.

Mwaka jana nilikaa kiti cha nyuma yake. Nilikuwa macho yake na masikio yake. Watu wa porini wakiita kwenye redio, mimi nasikiliza, natazama chini, namwambia kwa Kiingereza: moto uko nyuma ya mninga uliokauka, kuna wachungaji kushoto, subiri, usimwage bado. Mimi Nasma, binti wa Amri muuza asali wa Makanyagio, mjini Mpanda. Pori la Ugalla nimelijua kwanza kwa masikio, nikiwa nimekaa juu ya madebe dukani kwa baba.

Kampuni yenye kitalu hiki cha uwindaji imeleta vifaa vipya. Kesho tunafundishwa. Nimepiga pasi ovaroli.

Juni 9
Mwalimu wa vifaa anaitwa Denis, katoka Dar na viatu vyeupe. Nampa wiki moja navyo.

Lazima niseme ukweli, vifaa ni vizuri. Satelaiti ikiona joto huko juu, simu inalia hapa kabla ng'ombe hajanusa moshi. Chini ya pua ya helikopta kuna kamera inayoona joto hata moshi ukiwa mzito kama uji: nyasi zinakuwa nyeusi, moto mweupe, mtu anakuwa doa dogo jeupe. Kompyuta inasoma upepo na kuchora moto utakapokuwa baada ya saa moja. Mwaka jana hayo yote tulikuwa tukibahatisha kwa mate kidoleni.

Cha mwisho ni kisanduku kwenye dashibodi. Kinasikiliza redio na kuandika Kiingereza mbele ya rubani. Mtu aseme Kiswahili chake huko chini, Kapteni asome.

Nikamuuliza Denis, mimi sasa nafanya nini? Akatazama viatu vyake vyeupe. Nitasimamia pampu kwenye bwawa la viboko, nijaze tanki la turubai ambamo ndoo inachota.

Juni 10
Sijamwambia mtu. Hasa Farhan.

Farhan ni mdogo wangu, tumefuatana ziwa. Aliiacha kaunta ya baba akaenda kutundika mizinga Ugalla, yeye na Gaspar, Mpimbwe mmoja mcha Mungu mwenye mdomo mchafu, na mzee wa Kikonongo aitwaye Lyamba anayechonga mzinga kwa gogo moja bila kulipasua. Mwaka jana kampuni iliwapa redio ya mkononi ili wataarifu moto. Farhan kila akiona helikopta inapita anaita, "Hodi huko juu!" Nami namjibu, "Karibu, vua viatu." Kapteni aliniuliza tunasemaje. Nilimwambia ni taarifa ya upepo.

Hodi kwetu si mchezo. Baba alitufundisha tukiwa wadogo: hodi ni tatu. Usipojibiwa ya tatu, geuka urudi ulikotoka, hata kama unasikia vijiko vinagongana ndani. Yeye anasema ni dini. Gaspar, Mkatoliki, anasema kwao Mpimbwe ni hivyohivyo na ni adabu tu.

Kwenye simu leo Farhan kaniuliza kiti changu kikoje mwaka huu. Nikamwambia kimewekwa ngozi mpya.

Juni 21
Moto Magamba. Simu ililia, helikopta ikaruka, na ndoo nane zikaumaliza kabla haujafika kwenye mahindi yaliyovunwa. Mwaka jana tungetumia siku nzima na watu thelathini wenye matawi mabichi. Wakulima walimletea Kapteni jogoo. Mimi nilikuwa kwenye pampu, nimelowa matope, jogoo sikumwona.

Juni 30
Viboko wamelipasua turubai la tanki. Nimelishona.

Julai 3
Jana niliona kamera inavyotumika kwa kazi nyingine.

Mkuu wa askari wa kitalu ni Fredrick, mtu mtaratibu wa maneno, anayesali kabla ya kula. Jana alipanda na Kapteni. Walipita juu ya msitu hakuna moshi, hakuna moto, ila kamera ikaona madoa meupe manne na mengi makubwa pembeni, yaani wachungaji na ng'ombe ndani ya kitalu. Fredrick akachukua alama za mahali pale. Jioni waliletwa kambini juu ya lori wakiwa wamefungwa kamba.

Askari waliwapiga kwa mkanda wa feni, mmojammoja, chini ya mwanga wa taa za gari, na Fredrick alikuwa akiuliza swali lilelile kwa sauti ileile ya chini: nani kawaelekeza njia. Mmoja alijinyea. Mwingine, baba mtu mzima, jicho lake lilitoka damu nyeusi na akawa anaomba maji kwa Kisukuma. Nilimpelekea. Askari mmoja alilipiga teke kopo, maji yakamwagika, na Fredrick akaniambia kwa upole nikalale, dada, huu ni utaratibu.

Nilikwenda kulala. Hilo naliandika ili nilione.

Julai 19
Siku zote nilijua itafika kwetu.

Kamera imeona moshi mwembamba na madoa matatu. Ni wakati wa kurina, na kila mrina asali wa Ugalla anawasha kienge, kile kibunda cha magome yanayotoa moshi wa kutuliza nyuki. Mimi ningekuwa kwenye kiti changu ningesema, huyo ni Lyamba, nendeni zenu. Kisanduku hakina la kusema juu ya moshi. Fredrick alitoka na askari sita, akawakuta na moto mkononi msimu wa moto. Kienge alikuwa nacho mzee. Wakakiweka kiganja chake juu ya kisiki na kuvivunja vidole kwa kitako cha bunduki, ili asiwashe tena.

Farhan alinipigia akiwa juu ya kilima anakotafuta mtandao. Alikuwa analia kwa hasira.

"Dada, si ulikuwa juu? Ina maana hukutuona kuwa ni sisi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kumwambia. Nikasema, "Moshi ulikuwa mwingi, mdogo wangu."

Akasema sawa, basi mara nyingine atapiga hodi mapema.

Julai 20
Aibu ni kitu kizito kuliko pampu.

Agosti 6
Shadrack amekufa.

Shadrack alikuwa mtu wa mafuta, Mfipa mfupi aliyekuwa akiimba kwaya huku anajaza tangi. Leo aliomba kupanda mara moja tu, aione Katavi kutoka juu, na Kapteni akamkalisha kwenye kiti cha nyuma, kiti changu. Walipokuwa wananyanyuka, chini sana bado, gobore lililia kwenye kichaka. Chuma kilipita sakafuni kikamwingia chini ya kidevu na kutokea kisogoni. Kapteni alitua huku ananguruma kama ng'ombe. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Damu ilikuwa imejaa kwenye sakafu ikamwagika miguuni kwangu, ya moto, na mdomo wa Shadrack ulikuwa wazi kama yuko katikati ya wimbo.

Nani kapiga? Wachungaji, majangili, ndugu wa mtu aliyepigwa, yeyote. Fredrick amekwisha kuwapandisha askari kwenye lori.

Agosti 7
Tumeosha helikopta. Tundu limezibwa kwa kibati.

Agosti 9
Amri mpya ya kampuni: rubani akisikia habari ya silaha yoyote chini, anapaa juu na kuondoka, haulizi, hasubiri. Denis amekirekebisha kisanduku. Neno la silaha likisemwa redioni, maandishi yanakuwa mekundu na kinalia. Alitujaribishia: bunduki, bastola, gobore, bomu. Kililia kila mara. Nikamhurumia Kapteni Ndoo. Tangu Shadrack afe hataki tena sauti ya redio masikioni, anasema kila sauti ni kama ile. Anasoma maandishi tu.

Viatu vya Denis sasa ni vya kahawia. Amenirushia tabasamu, nami sikulirudisha.

Agosti 14
Askari wamechoma maboma ya wachungaji upande wa magharibi. Wachungaji nao wamemkata askari mmoja panga la bega, mkono umebaki kwa ngozi. Kapelekwa Mpanda. Jioni kulikuwa na nyama ya swala na hakuna aliyeikataa, nami nilikula.

Agosti 31
Upepo.

Septemba 4
Upepo. Bwawa limekuwa tope. Viboko wamebanana humo wanauana, na dume moja lilimng'ata ndama likamtupa juu mbele ya macho yetu. Harufu inaingia kwenye nywele. Tunavuta maji kwa pampu kutoka kwenye shimo tulilochimba pembeni.

Septemba 12
Farhan kapiga. Wameanza kupalilia nyasi chini ya miti yao yenye mizinga, moto ukija usipate cha kupandia. Miti inachanua, nyuki wanahama, kila mzinga mtupu unapata kundi jipya. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye mtoto mchanga. Lyamba anashika jembe kwa mkono mmoja na anamtukana Fredrick kwa Kikonongo kutwa nzima. Akauliza mbona siku hizi sijibu hodi zake; nikasema tukiwa kazini tumekatazwa mizaha redioni.

Nikasema, Farhan, kuna kitu nataka kukwambia. Mtandao ukakata. Sikumpigia tena.

Septemba 26
Askari wamekwenda kuchoma tena maboma, kwenye upepo huu. Nilimwambia Fredrick huo ni wazimu. Akasema moto wao una mipaka. Moto hauna mipaka, ndugu yangu, moto hauna hata adabu.

Septemba 27, na nyingine nimeandika tarehe 28 kwa sababu mkono ulikataa
Simu zililia zote kwa pamoja kabla ya mchana. Moto wa maboma umeruka korongo la kwanza na unakimbilia Ugalla. Denis alichora ramani ya saa moja ijayo, na mstari mwekundu ukapita juu ya pale ninapopajua. Nikamwambia hapo yupo mdogo wangu. Akasema, usijali dada, wana redio, na helikopta ndiyo inakwenda hukohuko.

Nikakaa kwenye pampu, ambako hakuna redio. Kapteni alichota, akaenda, akarudi mtupu, akachota, akaenda. Nilijaza tanki kwa haraka mpaka ngozi ya viganja ikachunika. Moshi ulipanda mwekundu kwa chini na mweusi kwa juu, na jua likawa dogo. Digidigi walipita katikati yetu bila kutuogopa. Pongo mmoja alikuja anawaka mgongoni, akaingia kwenye tope la viboko akafia humo.

Halafu nikaona kitu nisichokielewa. Helikopta ilikwenda na ndoo iliyojaa, ikazunguka upande wa Ugalla, ikapaa ghafla juu sana, na ikarudi na maji yake yote. Akayamwaga kwenye mwamba mtupu, mbali na moto. Akaja kutua kuchukua mafuta.

Nilikimbia nikainama chini ya mapanga yanayozunguka, nikafungua mlango, nikamuuliza kwa Kiingereza kwa nini umemwaga pale. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. Akasema kuna watu wenye silaha nzito. Akanigeuzia kioo nisome.

Maandishi mekundu. Watu watatu. Wako kwenye mizinga ya kivita. Mizinga iko juu ya kila mti. Moto umewazunguka.

Nilisoma mara mbili. Sijui ni jeshi gani duniani linalopandisha mizinga ya kivita juu ya miti, lakini kisanduku hakikujiuliza, na mtu aliyeoshwa kwa damu ya Shadrack naye hakujiuliza. Mzinga kwetu ni wa nyuki. Mtoto wa darasa la kwanza Mpanda anajua. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na kisanduku hicho ndicho kilichopewa kiti changu.

Nilikuwa na kulabu ya ndoo mkononi, chuma cha kilo mbili. Nilimpiga nayo usoni. Meno mawili yalitoka, niliyaona yakidondoka kwenye suruali yake. Nikamwinulia tena, nikapiga kelele kwa Kiingereza, nyuki, ni nyuki, ni ndugu yangu. Alinishika mkono. Sijui aliona nini machoni mwangu, lakini hakunirudishia. Alitema damu na kunivuta ndani.

Tuliruka, tukachota maji, tukaenda. Kamera haikuwa na faida tena, kioo chote kilikuwa cheupe, moto na mtu vimekuwa kitu kimoja. Nilitazama kwa macho yangu. Nikautafuta mninga uliokauka, kisha korongo la mchanga, kisha ile miti kumi na kitu iliyoshikana. Nikabonyeza redio nikaita Farhan, Farhan, karibu, karibu, jibu. Redio ilikuwa inakwaruza tu. Miti ilikuwa inawaka juu, na mizinga ilikuwa inadondoka mmojammoja, inapasuka chini, nta inalipuka kwa moto wa bluu. Kapteni akaniuliza kwa mdomo uliojaa damu: nimwage? Maji ya ndoo ile yakimwagwa tukiwa chini namna ile yanavunja mtu mifupa. Nikamwambia mwaga.

Alimwaga. Tukarudi mara nne. Ya tano tulitua.

Walikuwa chini ya mti mkubwa, kwenye duara walilolipalilia. Farhan alikuwa amemlalia Lyamba, amemfunika mzee na mwili wake wote, na wote wawili walikuwa wameungua hadi nilimjua mdogo wangu kwa mkufu wa funguo za duka uliokuwa umeshikana na kifua. Asali iliyochemka ilikuwa imewadondokea na kuganda. Nyuki waliobaki walikuwa wametua juu yake, wanailamba. Mkono wa Farhan ulikuwa umeshika redio iliyoyeyuka, kidole bado kwenye kitufe.

Gaspar hakuwepo.

Septemba 29
Tumemzika Farhan Makanyagio. Baba hakulia mbele za watu. Baada ya dua aliniita nyuma ya duka, kwenye madebe.

"Ulikuwa juu, Nasma?"

"Nilikuwa kwenye pampu, Baba. Tangu mwezi wa sita. Waliweka mashine kwenye kiti changu."



"Farhan alijua?"

"Hapana."

Alichukua kitambaa akaanza kufuta debe safi. Hajasema nami tena leo.

Oktoba 2
Watu wameivamia kambi. Walikuja asubuhi, wachungaji, warina asali, wakulima wa Magamba waliounguliwa maghala, watu ambao mwezi wa saba walikuwa hawasalimiani. Walikuwa na mapanga, mashoka na magobore. Askari walikimbia. Fredrick hakukimbia, alitoka na kuwaambia kwa sauti yake ya chini kwamba wafuate utaratibu.

Walimpiga kwa mkanda wake wa feni. Kisha mawe. Kisha mtu mmoja, yule baba wa jicho jeusi, alikiweka kiganja cha Fredrick juu ya kisiki na kuuliza kwa Kiswahili kibovu nani kakuelekeza njia, nani kakuelekeza njia, na kwa kila swali shoka lilishuka. Lori la mafuta lilichomwa moto. Mlipuko ulivunja vioo vya kontena anamofanyia kazi Denis.

Nilikuwa nimesimama hatua chache, na maji kwenye kopo. Nilifurahi. Nilitaka lile shoka liendelee, na liliendelea mpaka pasiwe na cha kuendelea. Jioni nilitapika hadi nikatoa nyongo, lakini furaha ile sikuitapika, ilibaki kooni, na ndiyo inayonitisha.

Oktoba 3
Polisi. Maswali. Majivu.

Oktoba 11
Nimempata Gaspar hospitalini Mpanda. Mkewe, Eufrazia, alikuwa anampa uji kwa kijiko, kwa kuwa mikono imefungwa bandeji. Niliogopa kuingia. Nilibaki mlangoni mpaka Gaspar akasema ingia mwanangu, sina mikono ya kukufukuza.

Nilimuuliza alitokaje. Alisema kulikuwa na upenyo kuelekea korongo la mchanga, mwembamba, wa muda mfupi tu, na yeye alipita humo akaungua mikono na mgongo. Nikamuuliza, kwa nini wao hawakupita.

Akaniomba nisikasirike. Helikopta ilipokuja juu yao, Farhan aliruka kwa furaha. Aliita, hodi huko juu, tuko watatu, tuko kwenye mizinga, moto umetuzunguka. Haikujibu. Akaita ya pili. Akaita ya tatu, na helikopta ikazunguka.

"Mimi nikamwambia, Farhan, hodi tatu hizo. Nyumba haina mtu. Tuondoke. Lyamba naye akaanza kuinuka. Yule mdogo wako akamkalisha. Akasema, 'Dada yangu yumo mle. Anatuona. Hanijibu kwa sababu yuko kazini.' Akapiga ya nne. Mimi sikungoja ya nne, mwanangu. Mama yangu alinifundisha hivyo."

Eufrazia aliacha kijiko ndani ya uji. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za hospitali, kati ya watu wanaosubiri wagonjwa wao, na nikalia kwa sauti kama mwendawazimu. Mashine iliwanyima maji. Lakini upenyo ulikuwepo, na aliyewakalisha chini ya mti ule ni mimi, kwa ngozi mpya ya kiti nisichokikalia.

Oktoba 12
Nimemwambia baba yote. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema nile.

Oktoba 25
Denis kanifuata hadi dukani, peke yake. Amekonda. Kampuni inataka niifundishe mashine maneno ya pori, moja moja, nilisome neno nieleze maana, ili kosa lisirudiwe. Nilimwambia mtakapomaliza kunikamua mtaniweka pampuni. Akasema hajui, yeye ni mwajiriwa. Kisha akaniambia kitu kimoja: aliyeandika mzinga ni silaha ni yeye, tarehe tisa ya mwezi wa nane. Alichukua maneno ya silaha kwenye kamusi yote kwa pamoja, usiku mmoja, kwa sababu ya Shadrack. Kwao Dar, alisema, yeye asali huiona kwenye chupa.

Nilidhani nitamchukia zaidi. Nilimtengea kiti. Tulifanya kazi hadi magharibi: mzinga, kienge, kurina, kupalilia, mninga, korongo. Tulipofika kwenye hodi akasema hiyo ipo tayari, imeandikwa kuwa ni salamu. Nikamwambia futa. Hodi ni swali, na mashine haiwezi kulijibu. Ikisikia hodi, ikae kimya, imwamshe mtu.

Akauliza mtu gani.

Novemba 3
Kapteni Ndoo amegoma kuruka bila mtu wa kiti cha nyuma. Ana meno mapya, meupe kupita kiasi. Hajawahi kumwambia yeyote ni nani alimtoa yale ya zamani, amesema aligonga dashibodi. Leo kajaribu kuniambia pole kwa Kiswahili. Ilitoka "pole pole". Nilimwelewa.

Bado kuna siku namtazama nikitamani kulabu. Zinapungua.

Novemba 9
Mawingu, hakuna mvua. Radi kavu.

Novemba 14
Radi imewasha moto Ugalla, mdogo, upande wa korongo. Nilikaa kwenye kiti. Kibati cha tundu la Shadrack kilikuwa chini ya soli yangu. Kamera ilionyesha moto na madoa mawili, na kompyuta ikachora njia ya upepo, na nilivitumia vyote, maana vitu hivyo havina kosa vikipewa mtu wa kukaa navyo.

Halafu kisanduku kikanyamaza, na taa ya manjano, ile ya kumwamsha mtu, ikawaka mbele yangu. Kapteni akageuka kunitazama.

Ilikuwa sauti ya Gaspar, nzito, ya mtu anayebonyeza kitufe kwa kiganja kisichokunjika vizuri.

"Hodi huko juu."

Nilishika redio. Niliona ule mti mkubwa, mweusi, na chini yake duara jeupe la majivu ambalo nyasi hazijarudi.

"Hodi."

Kapteni aliondoa mkono mmoja kwenye usukani akaniwekea begani. Matone ya kwanza ya mvua yalipiga kioo. Gaspar alikuwa anangoja huko chini, na nilijua kwamba ya tatu akiipiga nisijibu, atageuka na kuondoka, na atakuwa na haki.

"Ho—"

"Karibu," nikasema. "Nipo. Ni Nasma."